Liwali na Kisima cha Wakfu

Sogeeni, niwahadithie kisa cha mpumbavu mwenye kilemba. Liwali Mwinyikombo alikizungushia ukuta kisima cha wakfu, mali ya wote, apate kumwagilia maua yake. Watu wakabaki na kiu.

Jini wa kisima akamtokea: "Maji haya ni amana." Liwali akacheka. Jini akarudi. Liwali akachimba bwawa la bata. Jini akarudi tena.

"Mimi nasali safu ya mbele," Liwali akafoka. "Wewe nani?"

"Basi maji yakukimbie," jini akasema.

Ijumaa, Liwali alipoinamia birika la msikiti atawadhe, maji yakarudi nyuma. Akaufuata mchanga atayamamu, ajitoharishe bila maji. Mchanga haukuamriwa na mtu, lakini nao ukamkimbia.

Bi Mwanakheri, aliyekuwa akipita na ndoo tupu, akamtazama. "Nenda nyumbani, Liwali. Hata vumbi limekuona najisi."