Aliyemvusha Kesto

Akina mama wenzangu, leo nina mfano mmoja tu, na niseme mapema kwamba mimi mwenyewe haujanikaa sawa kichwani. Tusikilizane.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa na mabinti wawili. Mkubwa alikuwa kidato cha tatu. Mdogo alikuwa darasa la pili, na alizaliwa na mguu wa kushoto uliopinda, unyayo unatazama ndani. Daktari alisema upasuaji ufanyike kabla mifupa haijakomaa, na siku ikapangwa. Ilikuwa Jumanne.

Yule mkubwa alikuwa mtu wa vitabu. Maktaba ya shule yao ilikuwa na vitabu sita vya hadithi moja ndefu, vya Kiingereza, vimechakaa kwa kugombaniwa na wasichana. Hadithi yenyewe ni ya msichana aitwaye Yelda, anayebeba moto ndani ya chungu kuupeleka nchi iliyoganda kwa baridi. Ana ndege mkubwa mweupe, na ana mdogo wake wa kiume anayeitwa Kesto. Huyu Kesto mguu wake mmoja ni mfupi. Mnaona mambo yanakoelekea.

Kila alasiri, wakichambua mchicha au kupeta mchele, dada mtu alikuwa anausoma ukurasa kimyakimya, halafu anamsimulia mdogo wake kwa Kiswahili. Watoto wa majirani nao wakazoea kuja. Mama alikuwa anasikia huku anafua. Siku walipofika kwenye kitabu cha tatu, penye mto mweusi, mtoto aliacha kuchambua mboga. Dada akamtazama, akageuza ukurasa, akasema, "Kesto akashika mkia wa ndege, akavuka."

Mtoto akapiga makofi, na hadithi ikaendelea. Kesto huyo kuanzia hapo akawa na maneno mpaka mama anacheka peke yake kwenye karai la nguo. Katika kitabu cha tano anakutana na jitu lenye meno kama majembe, anatazama juu, anauliza, "Wewe nawe umetumwa na mama yako?" Na akiogopa, Kesto alikuwa na desturi ya kuhesabu vidole vyake vya miguu, kumi vikitimia anaendelea na safari.

Vitabu vikaisha. Ikabaki Jumanne ya hospitali. Mtoto akiulizwa kama anaogopa, jibu lake lilikuwa moja tu: "Kesto alivuka. Na mimi nitavuka." Mama akashukuru. Kazi ya kumtuliza mtoto ilikuwa imefanywa na kitabu, yeye akaendelea na kazi zake nyingine.

Sasa, mwaka huohuo hadithi ile ikafanywa tamthilia. Ikatiwa sauti za Kiswahili, ikaanza kuonyeshwa Jumamosi alasiri. Watoto wote waliokuwa wanaisikiliza kwenye mchicha wakajaa sebuleni kwa jirani mwenye televisheni, na mama zao nyuma yao. Wakakaa mkao wa kula. Kumbe!

"Huyo ndiye ndege?" jirani aliuliza. "Mbona kama kuku aliyenyonyolewa akatoroka kabla hajatiwa sufuriani?"

"Na Yelda amekuwa mtu mzima," mtoto akalalamika. "Huyu analingana na mwalimu wetu wa hesabu."

"Chungu cha moto kiko wapi?"

"Si kile pale? Ile taa."

"Taa! Jamani, taa?"

Wakaguna wiki hiyo, wakaguna na wiki iliyofuata, lakini kila Jumamosi wanarudi. Mnajua tulivyo. Isipokuwa dada mtu. Yeye alikuwa hatazami televisheni, anamtazama mdogo wake. Na Jumamosi ya mwisho kabla ya ile Jumanne akasema, "Leo tusiende. Njoo unisaidie kuanua nguo." Mtoto hakumsikiliza. Ilikuwa siku ya mto, angekosaje siku ya mto?

Kesto akaingia majini. Mkia wa ndege hakuushika, hata ndege hakuwepo. Mkondo ukamchukua. Mkono wake ukaonekana, ukaonekana tena, halafu haukuonekana. Likaja tangazo la sabuni.

Jirani ndiye aliyepata sauti kwanza. "Wamemuua! Watu hawa wana akili kweli? Mtoto mwenye maneno matamu vile wanamuua, wanatubakizia kuku!"

Mtoto hakulia. Alitoka, akachechemea mpaka nyumbani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mama alipofika akamwambia, "Mama, Jumanne siendi."

"Utakwenda."

"Kesto amezama."

"Hao wa televisheni wameharibu tu. Hukumwona yule ndege? Kitabuni Kesto amevuka, si dada yako alikusomea?"

"Nionyeshe."

Kitabu cha tatu kilikuwepo ndani, na cha nne, maana tamthilia ilipoanza dada aliviazima tena. Mama akaenda kuvileta. Binti mkubwa akasimama mlangoni. "Mama, acha nitafute mimi."

"Kaa chini. Na mimi nilisoma."

Alikuwa ameishia kidato cha nne, miaka mingi imepita, Kiingereza chake kilikuwa cha kupapasa. Akaweka kidole kwenye mstari, akaenda polepole. Kwanza akamkuta ndege, na imeandikwa wazi kwamba mabawa yake yalifunika nyumba mbili. Akafurahi. "Umeona? Televisheni waongo." Akasonga mbele. Akafika mtoni. Akakuta mkono wa Kesto unaonekana, halafu hauonekani.

Akarudia. Akadhani ni Kiingereza chake. Akafungua ukurasa unaofuata, akamkuta Yelda anafukia shati la mdogo wake kwenye mchanga, kwa sababu mwili haukupatikana. Akachukua cha nne, akapekua akitafuta jina la Kesto. Likawa linatokea pale tu Yelda anapomkumbuka.

Hapo yule mama akachanganyikiwa. Watu wa televisheni walidanganya kuhusu ndege, wakasema kweli kuhusu mto. Binti yake alisema kweli kuhusu ndege, akadanganya kuhusu mto. Basi aliyeharibu hadithi ni nani? Amkaripie nani? Na lile jitu, na yale maneno yote yaliyomchekesha kwenye karai, yalikuwa yanatoka wapi miezi yote ile? Akamtazama binti yake mkubwa. Binti alikuwa anatazama sakafu.

"Mama, soma," mtoto akasema.

Niwaulize ninyi, ungesoma nini? Mtoto hajui Kiingereza. Unahitaji neno moja tu, "alivuka", na Jumanne imekwisha, mguu umepata daktari. Nani angekulaumu? Mimi nimejiuliza, na nadhani ningemvusha.

Yule mama hakumvusha. Msidhani ni ushujaa. Alikuwa amechoka, akaona kwamba akimvusha leo atalazimika kumvusha tena Jumamosi ijayo, na nyingine, na siku moja mtoto atajua Kiingereza. Akamsomea kama ilivyoandikwa, mpaka kwenye shati.

Mtoto akamgeukia dada yake.

"Kwa hiyo aliyemwambia jitu kwamba limetumwa na mama yake ni nani?"

"Ni mimi."

"Na wa kuhesabu vidole?"

"Mimi. Nilishindwa kumwacha kule mtoni, na wewe unanitazama vile."

"Vitabu vyote vile?"

"Vitatu na nusu."

Mtoto akafikiri. "Basi Jumanne uje wewe."

"Jumanne nina mtihani wa kemia."

"Kesto hawezi kuja, dada. Wewe unaweza. Ukae mlangoni, nikitoka nikuone."

Mama mtu akafungua mdomo aseme jambo kuhusu kemia, akaufunga. Jumanne walikwenda watatu. Kwenye kitanda cha magurudumu mtoto alihesabu vidole vyake, kumi vikatimia, akasukumwa ndani. Dada akakaa mlangoni kwenye benchi.

Mfano umeishia hapo.

Naona mnanitazama. Mnataka kuuliza, je, mguu ulinyooka? Mnaona sasa? Nimewasimulia hadithi nzima na bado mnataka nimvushe Kesto!

Sisi ndivyo tulivyo. Mwenzetu akipatwa na jambo tunakwenda mbio kumwambia, "Usijali, utapona, Mungu amesema." Amesema wapi? Mimi Kitabu chetu nimekisoma, si sana kama inavyotakiwa, lakini nimekisoma, na sijaona palipoandikwa kwamba hakuna atakayezama. Nimeona watu wema wakizama. Maneno hayo tunayaruka, tunageuza ukurasa, tunasema amevuka. Halafu siku mtu akiuona mto kwa macho yake anasema Mungu amemdanganya, kumbe ni sisi. Sisemi tunafanya kwa ubaya. Yule binti hakufanya kwa ubaya, na hata leo sijui ningempiga au ningemkumbatia. Ninachojua ni kwamba maneno yake mazuri hayakumfikisha mdogo wake mlango wa hospitali. Aliyefika naye ni yeye mwenyewe, na benchi.

Basi tuache kupanga nani atavuka, hatujui. Mwenzetu Mama Nyamizi analazwa keshokutwa, mnamjua, mnajua na anachoumwa. Asije mtu kumwambia atapona. Wa kukaa naye asubuhi ni nani? Nyosheni mikono niandike majina. Na mchana?