Chubwi Tisa Puani mwa Ndege

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa moja kasorobo asubuhi. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya mtungini, wala upepo haukutikisa hata kuti la mchikichi. Katika kiwanja cha mpira cha Gungu, Mzee Pastory, fundi mstaafu wa reli, aliishusha ndege yake kutoka mkokotenini. Ilikuwa mfano wa ndege za kale: mabawa mawili yaliyopandana, upana wa mita mbili na nusu, injini ya petroli iliyotoka katika msumeno wa mnyororo, nayo huongozwa kwa rimoti.

Wahenga walituasa tumkaribishe mgeni, kwani huenda amebeba dawa ya ugonjwa ambao mwenyeji hajautambua. Pastory aliijua methali hiyo tangu shule ya bweni. Bweni lilimfunza kutandika kitanda kabla ya kengele. Halikumfunza kuomba msaada.

Ndege ile aliijenga kwa miaka mitatu. Kitambaa cha mabawa alikishona mkewe, Frida, kabla kiharusi hakijaulaza mkono wake wa kulia. Sasa macho yake nayo yalikuwa yakififia mwezi hata mwezi. Siku ile walitimiza miaka arobaini ya ndoa, na Pastory alikuwa amemwahidi: "Mshono wako utaruka ungali unaona."

Kando ya kiti cha magurudumu cha Frida alisimama mgeni wao, Bi Tuyizere, mjane mwenye asili ya Burundi na fundi wa nyavu kutoka vijiji vya kusini. Alikuwa amefika juzi kumjulia hali Frida, na kikapuni alikuwa na wavu mpya wa mteja wa Kibirizi, kwenye soko la wavuvi.

"Mzee, mkia umelala," alisema. "Wavu ukiwa hivi huzama upande mmoja, dagaa wakakucheka."

"Mama, hii ni ndege. Haivui."

"Ego, ndiyo, haivui. Lakini itazama."

Frida akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Baba Leonardi, msikilize mgeni."

"Uzito nilipima mwenyewe mwezi wa tatu!"

Kweli alipima. Lakini baadaye aliupaka mkia rangi tabaka nne ili ung'are, wala hakupima tena.

Injini ikanguruma. Ndege ikakimbia, ikapaa kimo cha mtu, ikainua pua kama nyoka aliyekanyagwa mkia, ikalalia ubavu na kuanguka majanini. Bawa la chini likachanika palepale penye mshono wa Frida.

"Nimeiona ikiruka," Frida alisema taratibu. "Inatosha, mume wangu."

"Haitoshi." Pastory alikuwa amepiga magoti. Alimgeukia mgeni, sauti imemnywea. "Mama, nakuomba. Nisaidie."

Bi Tuyizere hakumsuta. Alilishona bawa kwa sindano ya nyavu, kisha akafungua kwenye wavu wake chubwi, vile vipande vya risasi vinavyouzamisha. Waliinyanyua ndege kwa ncha za vidole, yeye bawa hili, Pastory lile, wakiishusha kila mkia ulipolala ili kutia chubwi puani, moja baada ya nyingine. Ya tisa ilipoingia, ndege ikakaa sawa kama mizani ya haki.

Pastory akaiweka rimoti mapajani mwa Frida. "Kijiti cha kushoto ni cha mafuta. Mkono wako wa kushoto ni mzima. Sukuma."

"Nikiiangusha?"

"Nimekwisha kukutangulia."

Frida akasukuma, Pastory, bega kwa bega naye, akaongoza kwa kijiti cha kulia. Ndege ikapaa juu ya michikichi, ikazunguka mara tatu, jua likiwaka mabawani.

"Inanguruma kama wewe ukicheleweshewa chai," Frida alisema, machozi yakimtiririka.

Mchana Pastory alipanda bodaboda hadi Kibirizi, akarudi na chubwi kumi. Bi Tuyizere alizihesabu, akamrudishia moja.

"Nilikukopesha tisa, Mzee."

"Hiyo ni ya shukrani."

"Shukrani hailipwi kwa risasi. Nipe chai."

Pastory aliipokea ile ya kumi, akaenda jikoni kuinjika chai kwa mikono yake mwenyewe. Deni lilikuwa limekwisha. Naam, mgeni njoo, mwenyeji apone.