Nafasi Moja kwa Mama Kitundu

Naomba radhi mapema, kwa sababu baadaye sitapata muda. Hadithi hii nitaisimulia vibaya. Mimi husimulia kama mafundi wengine wanavyofunga mashine: nikifika mwisho, kuna kipande kimoja kimebaki mkononi na sijui kilitoka wapi. Aliyekuwa akisimulia vizuri katika ukoo wetu ni shangazi, lakini yeye alipata kazi.

Basi tuelewane. Nikiona mnasinzia, nitatikisa funguo zangu hizi. Zina pete nzito ya chuma, imeshanitoboa mifuko miwili, na bora nayo ifanye kazi. Nami nikisema "imelegea", ninyi mnajibu "kaza". Haya. Imelegea.

Mmejibu kama watu ambao hawajala. Tuanze hivyohivyo.

Si zamani za kale; ni wiki hii iliyokwisha, pale Singida. Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake, na wote watatu hawana kazi.

Wa kwanza ni Hosea Ntandu, na kipaji chake ni sikio. Alisomea ufundi mitambo miaka mitatu. Akapata cheti, cheti kikapata fremu, fremu ikapata ukuta, yeye mwenyewe hakupata kitu. Siku hizi anapanga nyuzi za magitaa ya kwaya. Ukipita nyuma yake na baiskeli, atakwambia bila kugeuka, "Kaka, tairi la nyuma linapungua upepo, na huyo uliyembeba amenuna." Ameposa tangu mwaka juzi. Baba mkwe amesema harusi ni siku atakayosikia neno "kazini".

Wa pili ni Zaituni Njiku, na kipaji chake ni jicho. Mchoro wowote wa mashine anausoma kama wengine wanavyosoma uso wa mama mkwe: hata kisichosemwa anakiona. Ana shahada ya uhandisi. Kwa kukosa ajira anashona sare za shule, na kila mshono umepimwa hadi nusu milimita, mpaka watoto wanalalamika kwamba hawana pa kujikunia. Alikuwa ameapa: safari hii akikosa, vyeti anavitia sandukuni na cherehani ndiyo mume.

Wa tatu ni Mzee Kidua, na kipaji chake ni mkono. Ni mhunzi. Darasani aliingia mara moja tu, kutengeneza madawati. Akikipiga chuma mara tatu, chuma kinakumbuka kilikuwa kinataka kuwa nini. Lakini majembe ya dukani yamekuwa rahisi, na mivukuto yake imeingiwa na buibui. Ukimwomba cheti, anakuonyesha kiganja.

Sasa, nje kidogo ya mji Mama Kitundu ana kiwanda cha kukamua alizeti. Mashine ni moja, wanawake wa kuchekecha ni saba, mlinzi ni mmoja, na fundi alikuwa mmoja. Huyo fundi sitamtaja jina. Ninachoweza kusema ni kwamba alikuwa mcheshi, mtanashati, na ameonewa sana.

Siku moja fundi huyo aliifungua mashine aisafishe. Akaisafisha, akaifunga, akatia kitu mfukoni.

"Hicho ni nini?" akauliza Mama Kitundu.

"Ziada, Mama. Mashine za nje huja na ziada, kama vifungo vya shati."

Mama Kitundu ameshanunua mashati mengi. Akaridhika.

Mashine ikakamua wiki mbili, halafu mchana mmoja ikaguna, ikatikisika, ikanyamaza. Fundi alipotakiwa kueleza, alikuwa ameshaondoka kwa heshima zote kupitia dirisha la stoo.

Na huu ndio msimu. Magunia ya wakulima wa Mtinko na Ilongero yamepangwa mpaka barabarani. Akatokea mnunuzi na lori, akasema, "Mama, Jumamosi adhuhuri nitapita. Nikikuta mashine imelala, wenyewe wataniuzia mbegu, nami nitaondoka nazo zote." Maana yake, wanawake saba nyumbani, mlinzi nyumbani, na kiwanda kibaki cha kufugia popo.

Mama Kitundu akabandika tangazo getini: NAFASI MOJA YA FUNDI. AWE NA UZOEFU NA MASHINE HII.

Mtu pekee duniani mwenye uzoefu na mashine ile alikuwa amejificha kwa shemeji yake Manyoni. Lakini hali ya ajira mnaijua. Jumatano asubuhi walifika watu sitini na saba, kila mmoja na bahasha, isipokuwa mmoja aliyekuja na kiganja. Mama Kitundu akakusanya bahasha zote katika gunia la alizeti, akaliweka kwenye mizani.

"Kilo nne na nusu za elimu," akasema. "Na siwezi kukamua hata kijiko cha mafuta. Wanangu, nendeni mkaione mashine. Atakayeizungusha kabla ya Jumamosi adhuhuri, nafasi ni yake."

Wakaingia wakaiona. Sitini na wanne wakakumbuka kwamba wameacha vyungu jikoni. Wakabaki watatu, mnawajua.

Imelegea. Vizuri, sasa mmeamka.

Hosea akazunguka mashine mara mbili, mikono nyuma, kama bwana harusi anayekagua ukumbi. "Niletee mwiko," akamwambia mmoja wa wanawake.

"Wa ugali au wa wali?"

"Wa ugali, dada. Wa wali unasikia mambo mengine."

Akaweka ncha moja ya mwiko kwenye chuma, nyingine sikioni, akawaomba wanawake saba walisukume gurudumu kwa mikono. Likasogea kwa kwikwi. Akahamisha mwiko, wakasukuma. Walifanya hivyo kutwa nzima, kutoka mota mpaka domo la mashudu, wanawake wakimuuliza kama mgonjwa anakunywa uji. Jioni akanyoosha mgongo.

"Wote mlidhani anaumwa moyo," akasema, maana kila mtu alikuwa akiilaumu mota. "Moyo mzima. Anaumwa nyonga, ya kushoto, ndani ya kifuniko hiki hapa."

Kifuniko kimoja kati ya ishirini na viwili. Bila sikio la Hosea wangevifungua vyote, na mpaka wavimalize, alizeti ya mwaka kesho ingekuwa imechanua.

Alhamisi Zaituni akafungua kile kifuniko. Akaangalia, akaangalia tena.

"Hakuna kilichovunjika," akasema.

"Basi shida iko wapi?" akauliza Mama Kitundu.

"Ndiyo hiyo, Mama. Kilichovunjika huacha vipande. Hapa kuna nafasi."

"Nafasi nimeiandika getini, mwanangu."

"Si ya kazi. Ni nafasi ya kitu. Kuna kitu kilikaa hapa, na hakipo."

Mama Kitundu akajishika kichwa. Alikumbuka kitu kuingia mfukoni kikimetameta, lakini umbo lake hakuliangalia. Nani anaangalia umbo la ziada? Zaituni akaomba kitabu cha mashine. Kitabu kilikuwa kimetembea: nusu kilifungia karanga, na ukurasa uliohusu nyonga ya kushoto mlinzi alikuwa ameubandika kwenye kioo kilichovunjika cha kibanda chake, mchoro ukiangalia nje na gundi nzito imeufunika wote kwa mbele.

"Siubandui," akasema mlinzi. "Upepo wa Singida unaujua?"

"Usiubandue, kaka. Washa taa ya nje tu."

Akasimama ndani ya kibanda akausoma mchoro kinyumenyume, kwa mwanga uliopenya karatasi, na maandishi yenyewe ya Kichina. Kisha akachukua chaki akachora sakafuni: pete ya chuma, upana wake mdomo wa kikombe cha kahawa, na meno matatu kwa nje.

"Hii ndiyo inayoishika shafti isitoke njiani," akasema. "Isipokuwapo, shafti inakwenda inakotaka, inarudi inapotaka, na ukiiuliza inaguna."

"Huyo namjua," akasema mmoja wa wanawake. "Nimezaa naye watoto wanne."

Bila jicho la Zaituni, wangekaa wanalitazama lile tundu mpaka leo, na tundu likiwatazama wao.

Ijumaa ikawa zamu ya Mzee Kidua. Alifagia buibui, akawasha makaa, akaleta kipande cha springi ya lori bovu. "Chuma hiki kimebeba mizigo ya watu miaka ishirini," akasema. "Kina uzoefu kuliko sisi wote." Akakata, akapinda, akafua, akatindua meno moja moja. Zaituni akapima kwa futi yake ya ushonaji.

"Mzee wangu, jino hili limezidi nusu milimita."

"Binti, nusu milimita ndiyo unene wa subira yangu."

Lakini akakaa akalisugua kwa tupa mpaka likatii. Ikabaki kuikomaza iwe ngumu, na chuma cha namna ile hukomazwa kwa mafuta. Mafuta yaliyokuwapo ni dumu moja la mwisho la Mama Kitundu. Pete nyekundu ikazamishwa, mvuke ukapanda, na karakana nzima ikanuka sambusa. Mlinzi aliacha geti akaja na sahani.

Bila mkono wa Mzee Kidua, pete ingebaki ya chaki, na chaki haikamui.

Jumamosi lori likaingia. Mnunuzi akashuka akiangalia saa. Hosea akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Zaituni akafunga kifuniko. Mzee Kidua akatema mate pembeni kwa baraka. Mama Kitundu akavuta swichi, mashine ikanguruma, ikavuta pumzi, na mafuta yakatoka, kwanza tone, halafu uzi, halafu mkondo mnene wa rangi ya asali. Vigelegele vya wanawake saba vilifika Mtinko kabla ya habari. Lori likaondoka tupu, na mnunuzi kanunua dumu la mafuta.

Walipomaliza kucheza, Mama Kitundu akajifuta jasho akauliza, "Haya, nani kaizungusha?"

"Mimi," wakasema watatu.

Hosea akasema, "Mama, pete imekaa, sawa. Kesho ataumwa kwingine. Nani atamsikia? Bila mimi hawa wangetibu moyo mzima. Na baba mkwe yuko hai bado, namshukuru Mungu, lakini hatasubiri sana."

Zaituni akasema, "Kaka Hosea alisikia panapouma, kweli. Hakusikia panauma kwa nini. Ningekaa kimya, Mzee angefua nini? Jembe? Mimi nimesoma miaka yote hii ili siku moja mtu anipe mashine. Ndiyo hii."

Mzee Kidua akasema, "Mmoja kasikia, mmoja kasoma. Mashine imezungushwa na chuma, na chuma nimekileta mimi. Ninyi vijana mtapata nyingine. Kwa umri wangu, nafasi inayofuata ni ile ya kuchimbiwa."

"Mama, si uwaajiri wote," akasema mwanamke mmoja.

"Mwanangu, hali unaiona. Nikiwaajiri wote, ikifika Desemba tutakuwa watu kumi na wawili, mimi nikiwemo, tumesimama kwenye geti la mtu mwingine tukisoma tangazo."

"Basi wapokezane."

Mzee Kidua akacheka. "Nafasi moja kwa watu watatu ni shuka moja. Atakayelala katikati ndiye aliyeajiriwa."

Mama Kitundu akaangalia tangazo lake getini. Awe na uzoefu na mashine hii. Hosea siku moja, Zaituni siku moja, Mzee siku moja. Akawatazama wale watatu, ambao tangu jana walikuwa wamekula harufu ya sambusa tu, maana mlinzi alirudi na sahani yake tupu.

"Nipeni mpaka Jumatatu," akasema.

Haya yote nimeyapata kwa mlinzi, ambaye kwenye simu hana breki. Na Jumatatu ndiyo kesho. Mama Kitundu hajalala, Hosea yuko kwa baba mkwe anatabasamu bila sababu, Zaituni hajagusa cherehani, Mzee Kidua amewasha makaa asubuhi ingawa hakuna aliyemtuma. Nafasi ni moja. Kuna sikio lililojua wapi, kuna jicho lililojua nini, kuna mkono uliojua vipi. Ukimtoa mmoja, mashine imelala. Je, wewe ungeamua vipi? Ungempa nani?

Semeni, nasikiliza. Wewe wa nyuma umesema jicho? Jirani yako hakubaliani na wewe, mtazame. Taratibu, msigombane, ngoja nitikise funguo.

Mimi msiniulize. Wakati yote yanatokea nilikuwa Manyoni, kwa shemeji. Naye juzi aliikamata pete hii ya funguo, akayahesabu meno yake yote matatu, akaniuliza nimeitoa wapi kitu kizuri namna hii.

Nikamwambia, "Ziada."