Mto wa Fisi

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona huko nyuma mmenyamaza? Mna kiu? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kabla babu yake babu yangu hajaota meno, wanyama walikunywa maji ya mto mmoja. Sheria yao ilikuwa moja tu: mnyama asichafue mto, na kila mnyama anywe mtoni.

Akaja Fisi. Akafungua kiwanda cha ngozi kule juu. Akaloweka ngozi mbichi mtoni, chubwi! Akaloweka nyingine, chubwi! Maji yakawa meusi. Yakanuka, puu!

Huku chini aliishi Mama Kanga na vifaranga wake. Wakanywa. Wakaharisha. Mmoja akafa. Mama Kanga akalia mpaka sauti ikamkauka, kisha akaenda kwa Nguchiro.

Nguchiro alikuwa wakili wa baraza. Kazi yake ilikuwa kuwasemea wanywaji maji. Mwili mdogo, lakini ulimi, jamani!

"Wakili, hawa waliobaki watakunywa nini?"

"Twende barazani, mama."

Hakimu, Bibi Twiga, akainamisha shingo. "Fisi, umechafua mto?"

"Mimi? Hasha, mheshimiwa! Mto wangu huu hapa." Akachomoa kwapani mto wa kulalia, mweupe pe! "Nimeufua jana. Hebu nusa!"

Wanyama wakaangua kicheko. Mama Kanga hakucheka. Hata mimi nisingecheka.

Nguchiro akasimama. "Mheshimiwa, nakubali. Mto ni huo."

"Wakili, umeniuza!" Mama Kanga akalia.

"Subiri, mama. Sheria inasema pia kila mnyama anywe mtoni. Basi Fisi anywe kwenye mto wake huo. Asiguse maji mengine."

"Ni haki," akasema Bibi Twiga. "Kesi iendelee."

Jua likawaka, waa! Kesi ikaendelea. Fisi akahema, heh, heh, heh. Akaunyonya mto wake. Sufi tupu! Akaukamua. Hata tone! Mwishowe akapiga kelele, "Jamani, nipelekeni mtoni!"

"Mto upi?" akauliza Nguchiro. "Si unao kwapani?"

"Ule! Ule wenye maji!"

"Uliouchafua?"

Fisi akatazama chini. "Ndiyo. Huo."

Baraza likaamua. Fisi akatoa ngozi zake zote mtoni, akachimba shimo mbali na mto, akazoa uchafu kwa mikono yake mwenyewe. Maji hayakutakata siku ile, wala kesho yake. Mvua zikaja, zikaondoka. Asubuhi moja Mama Kanga akaona changarawe chini ya maji. Akanywa yeye kwanza. Akangoja. Kisha akawaita wanawe, "Njooni, mnywe."

Basi, watoto, nanyi wakubwa mnaojifanya mmelala: maji ni ya wote, na anayeyachafua lazima ayasafishe. Sheria imewekwa kwa ajili ya mwenye kiu, si kwa ajili ya mwenye maneno.

Hadithi yangu imeishia hapo, mtoni. Ule wenye maji.