Nyama Tunaiona, Dume Hatumwoni

Paukwa.

Pakawa.

Kilichopauka?

Kikapakwa.

Nina kisa.

Kishushe.

Kina uongo ndani.

Shusha hivyo hivyo, tutachuja wenyewe.

Haya, sogeeni karibu na jiko. Stima imekatika, simu zenu zimezima, ndiyo mmekumbuka kwamba mimi nina mdomo. Na wewe uliyekaa nyuma na ndevu zilizochongwa kwa rula, tulia, kisa hiki hakikuhusu. Labda kidogo.

Zamani za kale, kabla dume hajaambiwa dume ni nini, palikuwa na uwanda wa magadi, mweupe kama unga wa sembe. Jua lilipiga juu, likagonga chini, likarudi juu tena. Mnyama akisimama pale adhuhuri, alipata jua mara mbili kwa bei ya moja.

Basi wanyama wa nchi ile walipaka wanja. Jike alipaka, dume alipaka, mtoto alipakwa. Wanja ulikata ule mng'aro, jicho likaona mbali. Walipaka, wakawinda, wakala, wakalala. Hakuna aliyeuliza swali, maana aliyeshiba hana muda wa kuuliza maswali ya kijinga.

Kisha Simba akawa mfalme.

Huyu Simba, jamani, alikuwa na nywele. Asubuhi zilichanwa, mchana zilipakwa mafuta, jioni zilikung'utwa vumbi. Akienda kisimani kunywa maji, alikunywa funda moja na kujitazama kitambo kizima. Alijigeuza kulia, mashallah. Alijigeuza kushoto, mashallah. Sasa siku moja, amekaa kitako, Fisi yuko nyuma yake na kitana anamfumua mafundo, Simba akatangaza.

"Kuanzia leo, dume hapaki wanja. Wanja ni urembo, na urembo ni wa majike. Dume ni dume."

"Sema tena, mzee," akasema Fisi, huku akimtengenezea mstari wa katikati.

"Dume ni dume. Taratibu hapo kwenye kisogo, unaniumiza."

Madume yote yakapiga makofi. Yakaenda kisimani, yakajifuta. Maji yakawa meusi siku hiyo, na macho yakawa matupu.

Simba akaona sheria moja ni upweke. Akaiongezea mwenzake. "Na tena, dume halii."

Adhuhuri ikafika. Jua likapiga juu, likagonga chini, likarudi juu. Macho matupu yakaanza kububujika.

Nyati akasema, "Ni vumbi hili."

Chui akasema, "Ni moshi huu."

Mbweha akasema, "Mimi nina mafua tu, kwetu sote tuna mafua."

Mnaona mtego ulivyotegwa? Ukipaka wanja, si dume. Usipopaka, utalia, na ukilia, si dume. Lakini waliotunga sheria walikuwa wamekaa kivulini.

Ukaja ukame. Nyasi za msituni zikakauka, swala wakahamia uwandani kulamba magadi, na Simba akasema uwanda ni mali ya mfalme. Atakayewinda pale ni mmoja tu, Mwindaji Mkuu wa Mchana, na mshahara wake ni paja moja na maini ya kila windo. Wengine wakae kwao. Wenye sifa waje mbele ya panel. Panel ilikuwa Simba, Fisi na Nyati. Nyati anakula majani, alikwenda kuhukumu nyama. Nyinyi mnaocheka, mmewahi kufanya interview?

Basi palikuwa na Duma, kijana wa mbio, anakaa na bibi yake. Bibi hana jino hata moja. Hawezi paja, hawezi mbavu, anaweza maini peke yake. Tangu uwanda ufungwe alikuwa hajala, na mbavu zake unaweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya mto. Duma akasema, "Bibi, naenda kutafuta hiyo kazi. Nisipoipata, sitakukuta."

Bibi akasema, "Lete uso."

Akatoa kijiti. Akachovya kwenye wanja wake wa masizi, mafuta ya nyonyo na utomvu wa mgunga. Akampaka jicho hili, akampaka na lile.

"Bibi, wamekataza."

"Babu yako alipaka mpaka siku tuliyomzika. Watoto kumi na mmoja alionizalisha, sikusikia hata mmoja akilalamika kuwa baba si dume. Nenda."

Kwenye usaili, Chui akatangulia. Akaingia uwandani machozi yanamtiririka, akaona umbo, akaruka, akaliuma. Kichuguu. Akarudi na udongo mdomoni, anatembea kwa maringo.

Mbweha akafuata. Akafukuza kivuli chake mwenyewe mpaka kikamshinda mbio.

Duma akaja wa mwisho. Akatazama mbali, jicho kavu. Akatoka kama mshale. Vumbi halijatua, amerudi na swala.

Panel ikala. Ikala paja, ikala mbavu, ikala maini. Fisi akapangusa mdomo, akafungua kikao.

"Kijana, hicho kitu kwenye macho ni nini?"

"Ni wanja, mzee."

Wakatazamana. Simba akasema, "Nyama tunaiona, dume hatumwoni. We regret."

Duma akarudi mikono mitupu. Bibi akanywa maji, akalala.

Siku ya pili akatoka kama mshale. Vumbi halijatua, amerudi na swala. Panel ikala paja, ikala mbavu, ikala maini.

"Mbona bado umepaka?"

"Ndiyo maana nimemwona swala, mzee."

"Nyama tunaiona, dume hatumwoni. We regret."

Akarudi mikono mitupu. Bibi akanywa maji, hakulala.

Siku ya tatu akatoka kama mshale. Vumbi halijatua, amerudi na swala. Wakala, wakatafuna na mifupa, na Nyati naye akaomba walau pembe za kutundika nyumbani.

"Nyama tunaiona, dume hatumwoni," akasema Simba. "Lakini sisi ni wazazi. Futa hicho kitu, kazi ni yako."

Duma akaenda kwa bibi. Akamkuta kalala ubavu, sauti iko chini.

"Bibi, nikifuta nitapata kazi."

"Ukifuta utaona swala?"

"Sitaona. Lakini nitakuwa nimeandikwa. Mshahara utakuja."

"Ulichopeleka, walikula?"

"Chote."

"Walifumba macho wasikuone, au walikula wamekutazama?"

"Walinitazama, bibi."

"Basi wanja wako haujawahi kumchefua mtu mwenye njaa." Bibi akageuka upande wa pili. "Fanya utakavyo, mjukuu wangu. Mimi nina njaa, sina nguvu ya kukupa busara."

Tumbo la bibi likashinda. Duma akaenda kusimama mbele ya mkutano. Akasema, "Nifuteni."

Fisi akaja na maji na mchanga, akaanza kusugua. Wanja wa bibi, niliwaambia, una utomvu wa mgunga. Hautoki kwa mchanga. Fisi alisugua, wanja ukateleza. Akasugua tena, ukashuka. Akasugua mara ya tatu, ukatiririka mistari miwili myeusi kutoka pembe za macho mpaka pembe za mdomo. Jua likaukausha hapo hapo. Haukutoka tena.

Kisha Fisi akaanza kucheka, unamjua Fisi anavyocheka.

"Tazameni, analia. Dume zima linalia machozi meusi."

"Sijalia," akasema Duma. "Ni mkono wako huo, umenisugua sasa hivi."

"Mistari ipo, haipo?"

"Ipo, lakini umeichora wewe."

"Ipo," akasema Simba, na machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni. "Sheria ya kwanza amevunja kwa kupaka. Sheria ya pili amevunja kwa kufutwa. Toka."

"Ni vumbi," akaongeza Nyati, hakuna aliyemuuliza.

Duma akatoka. Hakuenda nyumbani. Alipita moja kwa moja akaingia uwanda wa mfalme, saa ya adhuhuri, mbele yao wote. Akashangaa. Ile mistari ya mashavuni ilikunywa mng'aro wote uliobaki. Aliona swala, akaona sikio la swala, akaona nzi juu ya sikio la swala.

Simba akanguruma akamatwe. Askari wakaingia uwandani, macho yanabubujika. Wakakamata vichuguu vitatu na kuvisomea mashtaka.

Duma alifika kwa bibi na maini ya moto. Bibi akala polepole kwa fizi. Alipomaliza akamtazama usoni.

"Nani amekupaka vibaya hivi?"

"Wataalamu, bibi."

"Inaonekana," akasema bibi, akaomba ini la pili.

Huku kwa mfalme, njaa ikabisha hodi. Bi Simba hakuwa amekatazwa wanja, yeye ni jike. Akapaka, akawinda, akamletea mumewe. Simba alisema mbele ya wenzake, "Mke wangu anapenda kazi, namruhusu tu." Lakini macho ya Simba mwenyewe yakavimba kwa jua na nzi. Siku moja kichakani Bi Simba akamwambia, "Lete uso, baba watoto, usijifanye."

"Ni nini hicho?"

"Wanja."

"Ni dawa."

"Ni wanja, Simba."

"Nipake dawa, na usimwambie mtu."

Kesho yake akatokea barazani na macho yamezungushwa weusi mwembamba, safi. Fisi akasema, "Mzee, leo una macho makali."

"Ni ukali wa kuzaliwa."

Wiki haikuisha, madume yote yakawa yamezaliwa na ukali.

Ndipo Fisi akatumwa kwa Duma. Akamkuta uwandani, swala chini.

"Mambo yamebadilika, kijana. Kazi ipo. Wewe sema tu hicho kitu ni ukali."

"Ni wanja. Bibi yangu alinipaka."

"Usiwe mgumu. Neno moja tu, bibi yako atakula mpaka afe."

"Anakula sasa."

Fisi akakuna sikio. "Basi dume hatumwoni."

"Na nyama, unaiona?"

Fisi akameza mate. "Naiona."

"Itazame," akasema Duma, akachukua maini ya bibi, akaondoka zake.

Tangu siku ile Duma huwinda mchana kweupe, na Simba hulala kivulini akisema ni heshima. Duma ana mistari yake hadharani. Na Simba naye, mtazameni machoni siku moja. Kwenye picha, msisogee. Tangu siku ile pia, Duma akiua, Fisi humvizia amnyang'anye. Na akiisha kunyang'anya hula kwa amani kabisa, wala haulizi muuaji alipaka nini. Ndiyo maana Duma hula kwa haraka, na huanza na maini.

Funzo lake? Nyinyi mnataka funzo na hamkulipa hata chai. Haya: anayekuuliza wewe ni dume gani, mtazame kwanza mkononi ameshika paja la nani.

Kisa kimeshuka, mzigo nimetua. Kikiwa kitamu, lambeni. Kikiwa kichungu, temeeni kwa jirani.