Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Sikudhani

Mkimbiaji havikwi koti. Mmeisikia mchana huu kutoka kwa mama yenu, mkacheka mkidhani ni mambo ya riadha, na sasa mmenijia mkitaka kujua imetoka wapi. Kwanza muelewe kwamba haikutoka kwa wahenga. Watu wakishindwa kujua chanzo cha neno huwatwika wahenga, nao maskini hawapo kukana. Hii mimi nilikuwapo ilipozaliwa, nyumbani kwa mdogo wangu Mwantumu pale Korogwe, na ilizaliwa namna hii.

Mwantumu alikuwa mtu wa vitambaa. Kila kitu nyumbani mwake kilikuwa na kitambaa chake cha kufuma: televisheni, viti, mtungi wa maji, mpaka redio, ambayo mgeni aliisikia kabla hajajua iko wapi. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba ipo siku nitasinzia kwenye kochi niamke nimefunikwa. Alikuwa akinijibu kwamba kitu kisichofunikwa ni kitu kisicho na mwenyewe. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na hata sasa siwezi kusema alikosea.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Sikudhani, tuliyemwita Siku. Binti huyo alifanya kazi kwenye duka la kupiga kopi karibu na stendi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye katuni. Alichora tangu mdogo, kwenye daftari, ukutani, na siku moja kwenye kanzu yangu nyeupe nikiwa nimelala. Alipokua alitaka kuzifanya hizo picha zitembee na kusema. Kompyuta ya kazi hiyo hakuwa na uwezo wa kuinunua ikiwa nzima, kwa hiyo akaamua kuiunda mwenyewe, kipande kimoja kimoja. Kingine alikipata Tanga kwa mtu anayeuza vilivyotumika, kingine kilikuja na basi kutoka Dar. Kasha lake alichomelewa na fundi wa madirisha, bati tupu, na juu yake fundi akatoboa matundu ambayo feni ingetolea joto.

Muda wote Siku akikusanya vipande, mama yake alikuwa akifuma. Kompyuta ilipowaka kwa mara ya kwanza, Mwantumu alitoka chumbani na kitambaa cheupe chenye maua mekundu pembeni, katikati kimeandikwa kwa uzi, "Mungu Ibariki Kazi Hii". Kwa kuwa Korogwe ina vumbi, alikishonea bitana ya satini chini yake, vumbi lisipenye. Akakitandika juu ya kasha kwa mikono miwili. Siku alimkumbatia mama yake, na nawaambieni, wote wawili walilia.

Basi, ikaja habari kwamba chuo kimoja cha filamu Dar es Salaam kinachukua vijana wachache bila ada. Sharti lilikuwa moja: utume filamu yako fupi kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Siku alikuwa nayo. Picha zote alikwisha kuzichora, maelfu kwa maelfu, na kilichobaki ni kompyuta kuziunganisha ziwe filamu moja. Kazi hiyo yeye aliiita kuzipika. Tatizo ni kwamba kwa mwendo wa kawaida wa mashine yake, picha zingeiva Jumamosi au Jumapili, wakati mlango wa chuo umeshafungwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Ndani ya kompyuta mna prosesa, kile kidude kidogo kinachopiga hesabu zote. Kiwandani huipimia mwendo wake, lakini anayejua pa kugusa anaweza kuikimbiza zaidi ya hapo. Siku alijua. Aliikimbiza, nayo ikakimbia kweli. Lakini prosesa inayokimbia hupata joto, na joto likizidi, mashine hujizima yenyewe isije ikaungua. Ikijizima, fungu zima la picha lililokuwa jikoni limekufa, unalianza upya, ingawa mafungu yaliyokwisha kuiva yamebaki salama.

Jumatatu ikajizima. Siku akafungua kasha, akapuliza vumbi, akapangusa ile dawa nzito inayopitisha joto kati ya prosesa na mapezi ya chuma yanayoipoza, akapaka mpya. Akaijaribu hapo hapo kasha likiwa wazi, joto likawa la kawaida kabisa. Akafurahi. Akafunga kasha, akapangusa meza, akatandika kitambaa, akaenda kazini. Jumanne akirudi, imejizima. Akaweka feni kubwa zaidi, akapunguza kidogo umeme unaoingia kwenye prosesa, akaisogeza meza dirishani. Akajaribu kasha likiwa wazi, baridi. Akafunga, akapangusa, akatandika kitambaa.

Mnacheka? Chekeni. Lakini yule binti alizaliwa akikuta kila kitu kimefunikwa. Kuondoa kitambaa wakati wa kufungua na kukirudisha wakati wa kufunga kwake ilikuwa kama kuvua viatu mlangoni. Nani huhesabu kwamba amevua viatu?

Jumatano jioni alirudi akaikuta imezimika tena. Akashika kitambaa akivute, akakiachia mara moja. Satini ilikuwa ya moto, kama nguo iliyotoka kwenye pasi sasa hivi. Hapo akaelewa. Lile joto lote feni ililokuwa ikilisukuma juu lilikuwa likigonga bitana na kurudi ndani. Alianza kucheka peke yake, kisha akanyamaza, kwa sababu alikumbuka ni nani aliyekifuma.

Kosa lake lilikuwa kunyamaza huko. Jumapili iliyopita wenzake walikuwa wamekuja kuiona kompyuta, na mmoja wao akasema kwa kitambaa kile inafanana na jeneza la mtoto. Mama yake alisikia. Siku alijua kwamba mama yake amesikia. Sasa angemwambiaje kwamba kitambaa kiondoke? Akakikunja vizuri, akakiweka chini kabisa kwenye sanduku lake la nguo. Asubuhi ya Alhamisi akawasha, akaendelea kupika picha, akaenda kazini bila kusema neno.

Mwantumu akaingia kufagia. Akaiona kompyuta iko uchi. Akakitafuta kitambaa mpaka akakikuta sandukuni chini ya nguo za zamani, na ikamuuma sana. Hakusema na mtu. Alikitandika upya, akakivuta pembe zote nne zikakaa sawa.

Mchana Siku alipitia nyumbani kula. Mimi nilikuwa nimekaa barazani, dirisha liko nyuma yangu, nikasikia kila neno.

"Mama, nani amefunika kompyuta?"

"Mimi. Kwani humu ndani kuna mwingine anayejali vitu vyako?"

"Imezima tena, mama! Imezima!"

"Imezima kwa sababu ya kitambaa? Sema tu unaona aibu, mwanangu. Wenzako wamecheka, na wewe ukaona mama yako mshamba. Nipe kitambaa changu, nitafunikia hata ndoo."

"Si aibu, mama. Wallahi si aibu. Inapata joto. Nimeilazimisha ikimbie."

"Ikimbie iende wapi, nayo iko mezani?"

Hapo nilitaka kucheka, nikajizuia, nikageuka kuchungulia dirishani. Kisha nikasikia mashine inawaka na feni inaanza kuvuma. Siku alikuwa ameondoa kitambaa na kulianza upya lile fungu lililokufa. Akamshika mama yake mkono, akauweka juu ya matundu.

"Subiri kidogo," akamwambia. "Sasa unasikia?"

Mwantumu akauacha mkono pale pale. "Inahema," akasema.

"Ndiyo, mama. Inahema. Na mimi nilikuwa nimeiziba pua. Nimeshindwa kukwambia."

Sasa lazima niwaambie jambo ambalo Siku hakulijua. Mama yake alipokuwa darasa la saba alikuwa na mbio kuliko wavulana. Walipelekwa Lushoto kwenye mashindano, asubuhi yenye ukungu, na mwalimu wao, mama mwenye huruma sana, alipomwona anatetemeka akavua koti lake la sufu akamvika. "Usilivue," akamwambia, "utapata kichomi." Mwantumu hakuweza kumvunjia mwalimu wake heshima. Alikimbia nalo. Aliongoza mpaka kona ya mwisho, kisha akaanguka kwa joto, na wote wakampita. Nilikuwa pembeni ya uwanja. Mwalimu alilia kuliko yeye, na tangu siku hiyo Mwantumu hakukimbia tena.

Nikamsikia akimsimulia mwanawe habari hiyo, polepole, mara ya kwanza tangu azaliwe. Alipomaliza akasema, "Yule mwalimu alinipenda, Siku. Koti lilikuwa zuri pia. Lakini mkimbiaji havikwi koti." Akakichukua kitambaa mwenyewe, akakitandika kwenye kiti cha binti yake, pale pa kuegemea mgongo. "Kaa hapo umalize kazi yako."

Ijumaa, baada ya swala, filamu ilikuwa imeiva. Saa kumi ilipogonga ilikuwa imeshatumwa. Wiki kadhaa baadaye Siku akaitwa chuoni.

Mngedhani hadithi imeisha, lakini siku ya kumuaga ndiyo methali ilipopata miguu. Ndugu walijaa. Shangazi mmoja alitaka aende na mtoto wake, akaishi naye huko huko Dar. Mwingine alitaka Siku amtafutie kijana wake kazi. Mwingine akasema arudi kila mwisho wa wiki, mama asibaki mpweke. Siku alikuwa akiitikia "sawa, sawa", mabega yakizidi kushuka. Mwantumu akasimama na birika la chai mkononi. "Mwanangu anakwenda kukimbia," akasema, "na mkimbiaji havikwi koti. Hata langu nimelivua." Basi lilipoondoka alilia mpaka nikamshika mkono, lakini hakumwita arudi.

Ndivyo ilivyokuwa. Leo baba yenu amempa dada yenu Tausi zamu ya dukani, na kufua, na mchele huu wa kuchambua, na Tausi huyo huyo ana mtihani wa kidato cha nne mwezi ujao, naye baba anataka alama za juu. Anampenda, hilo sina shaka nalo. Mama yenu alipomwambia baba yenu neno lile hakuwa akimtukana.

Tausi, lete huo ungo hapa kwa babu. Macho yangu yangali yanaona chuya. Nenda ukasome, mjukuu wangu. Mkimbiaji havikwi koti.