Kwa Nini Mche Hutoka Ardhini Umeinamisha Shingo

Enzi hizo, kabla vilima hivi havijapewa majina, mbegu haikungoja jua ili iwe ya kijani. Ukiitia maji ikachipua, ilikuwa ya kijani kule kule chini ya udongo, ya kijani ndani ya chungu, ya kijani hata chini ya jiwe. Wala mche haukutoka umejikunja. Ulichomoza wima kama mkuki.

Katika vilima hivyo aliishi mjane aitwaye Wakesho, mwenye watoto wawili wadogo. Alikuwa mtu wa kuaminika. Ukimwachia kuku ukasafiri, ulirudi ukamkuta kuku na mayai yake yote. Kwa hiyo mvua zilipokosa kunyesha, na watu wakaona kwamba mbegu zikibaki majumbani mwao wataishia kuzila, walikubaliana kukusanya kunde zote na kuziweka kwake. Zilijaa kibuyu kikubwa, cha kukumbatiwa kwa mikono miwili. Mzee Mwadime, mkubwa wa kijiji, ndiye aliyemkabidhi mbele ya wote.

"Binti yangu, hiki si chakula. Ni shamba letu la kesho. Kisiguswe mpaka mvua inyeshe."

"Nimesikia, baba," alijibu Wakesho, na siku ile alisema kweli.

Njaa ikakaza. Watu walichimba mizizi, wakachemsha ngozi. Kisha Samba, bintiye mdogo, akaacha kulia, na hilo ndilo lililomvunja mama yake. Mtoto anayelia ana nguvu bado. Huyu alilala tu mkekani akitazama paa. Wakesho akaingia chumba cha ndani kisicho na dirisha, akachota konzi ya kunde, akazilowesha katika chungu na kukifunika. Zikachipua mle gizani, zikatoa majani laini ya kijani. Akayapika. Samba akaketi, akaomba tena. Wakesho alijiambia kuwa ni mara hiyo tu. Baadaye akachota konzi nyingine, na nyingine.

Nani angejua? Majani hayakuhitaji kuanikwa juani hata kidogo. Watu waliwaona watoto wake wakicheza uani, wakamsifu kwamba anajua kukitunza kidogo alicho nacho. Kila sifa ilimchoma, naye akaipokea kwa tabasamu.

Asubuhi moja alikuja jirani yake Mghoi, kichanga mgongoni, akasimama mlangoni.

"Dada, maziwa yamenikauka. Wako unawalisha nini?"

Chungu kilikuwa nyuma ya ukuta ule ule aliouegemea Mghoi. Wakesho alifungua kinywa akitaka kumwambia aingie. Maneno yaliyotoka yakawa mengine.

"Mboga za porini tu. Kule bondeni, ng'ambo ya mto."

"Mungu akuweke, dada."

Wakesho alijua fika kwamba kule bondeni hakuna mboga. Alimtazama Mghoi akiteremka polepole, akipumzika kila penye kivuli. Alitaka kumwita. Hakumwita.

Mghoi alirudishwa amebebwa. Alichuma majani asiyoyajua, akayala, yakamwangusha. Hakufa, lakini mkono wake mmoja ulibaki ukitetemeka, na kichanga chake kikawa kinapitishwa kwa wanawake wengine, ambao nao hawakuwa na kitu. Wakesho hakwenda kumwona. Alipopita karibu na nyumba ile, alikazia macho ardhi.

Hatimaye mvua ikanyesha. Kulipokucha, wingu likiwa bado zito, watu walikusanyika uani kwa Wakesho na majembe yao, wakicheka kwa mara ya kwanza. Mzee Mwadime akainama kukibeba kibuyu, nacho kikanyanyuka kwa mkono mmoja. Kicheko kikakatika.

"Panya," mtu mmoja akasema. "Hawa ni panya tu."

Mghoi alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. "Ni panya," akasema. "Wakesho hawezi. Hata mimi nilipomwendea alinielekeza mboga. Ni mimi niliyechuma vibaya."

Wakesho angeweza kuitikia kwa kichwa tu, mambo yakaisha. Badala yake aliingia ndani, akatoka na chungu, akakiweka katikati ya watu na kukifunua, miche ya kijani ikaonekana mle ndani.

"Si panya," alisema. "Ni mimi."

Hakuna aliyempigia kelele. Ingekuwa afadhali wangempigia. Shingo yake ililegea, kidevu kikagusa kifua, akatamani ardhi immeze. Na pale pale, Muumba, ambaye kazi yake ilikuwa imetumika kufichia hila, akaivua miche ile kijani chake. Rangi ikachuruzika majanini mpaka ikabaki njano iliyopauka. Majani yakajifumba, mashina yakapinda, vichwa vikainama vyote pamoja.

Mghoi akainuka kwa kushika ukuta, akaja mbele yake.

"Inua uso," alisema. "Nataka nikuone ukiniambia."

 Wakesho alipoinua uso, machozi yalikuwa yamefika shingoni.

"Nilikutuma bondeni nikijua hakuna kitu. Chakula kilikuwa hapa, nyuma ya ukuta. Nikakuacha uende."

Mghoi hakumkumbatia. Aliitikia kwa kichwa tu, polepole, kama mtu aliyepewa chake. Wingu likafunguka, jua likaangukia chungu. Mche mmoja ukanyoosha shingo, kisha mwingine. Majani yakafunuka, na kijani kikaanza kurudi taratibu, mbele ya macho ya wote.

Walipanda kunde zilizobaki. Mavuno yalikuwa haba, ila hakuna aliyekufa. Wakesho hakufukuzwa, wala hakukabidhiwa kibuyu tena, na yeye mwenyewe hakukiomba.

Basi tokea hapo hadi leo, mbegu ikichipua gizani hutoka imepauka, nyembamba, shingo imepinda. Si kwamba haina kijani. Kimo ndani yake, kimelala, kinangoja amri ya mwanga. Ndiyo maana mtoto akikuta mche umeinama chini ya jani kavu, hukatazwa kuung'oa. Huambiwa aliondoe jani, akae kando, angoje.